Kwa Katongo Hakuna Samaki

Watu wa Nchelenge wakikuambia miye Régine ndiye niliyemutia Katongo katika matanga, usibishane nao. Hata miye sibishani nao tena. Lakini wakikuambia nilifanya vile juu ya wivu, ao juu watu wa Zaïre ni wabaya, uwaambie ni uongo, na uwaambie nimesema miye. Sitaki kusemwa vibaya juu ya kitu ambacho sikufanya, wakati kile nilichofanya kinatosha.

Jina langu ni Ngalula Régine. Mu papie za serikali yetu miaka ile majina ya watakatifu yalikatazwa, nikabaki Ngalula tu, lakini ku ng'ambo ya Zambia hakuna aliyejali, nikawa Mama Régine wa vitenge. Nilikaa Kilwa, si ile ya pwani, hii yetu ya ziwa Mweru. Kila juma nilivuka na boti ya motere, nikashuka Nchelenge na mizigo yangu, nikauza vitenge na sabuni ku soko la Kashikishi, nikarudi na magunia ya samaki wakavu. Bwana yangu André alikufa Likasi mbele ya hayo yote. Nilimuosha, nikamuzika, na juma lililofuata nikarudia kazi, watu wakanisema sana. Niko vile. Sina uvumilivu wa kukaa na jambo lililokwisha.

Mwaka wa 1975 kulikuwa desturi mupya pale Nchelenge. Malori ya samaki yalitoka Ndola na masanduku ya barafu, yakakaa siku mbili tatu kando ya ziwa kungojea wavuvi, na madereva wao, watu wa Kopabeliti, kule ku migodi ya shaba, walikuwa na hamu ya vyakula vya mujini. Mumoja wao, Lackson, ndiye alianza kuleta sosisi ndani ya barafu. Mikate ilikuwa inaokwa pale pale Kashikishi. Basi vikazaliwa vibanda vitatu ku barabara, kati ya soko na gati, kila kimoja na benchi yake na kikaango chake, na kila kimoja na mambo yake ya kutia juu ya sosisi. Wenyewe waliita hotidogi. Nilipoambiwa maana yake kwa Kizungu niliweka ule mukate chini, nikauliza ni imbwa gani. Walinicheka siku nzima.

Kwa Eness, karibu na kanisa, ungepata yai la kukaanga na kabichi. Kwa Sampa, pembeni ya gati, ilikuwa nyanya na vitunguu, vingi, mpaka mukate unalowa na mutu anakula na mikono miwili. Lakini aliyejua kula alitembea mpaka uwanja wa malori, kwa Katongo. Yeye alipasua sosisi kwa urefu, akaikaanga upande wa ndani mpaka kingo zikakunjika, akapasha mukate moto juu ya makaa, akaupaka karanga zilizotwangwa na pilipili, akalaza sosisi, na juu yake kitu cha siku ile. Siku ingine matembele ya karanga. Wakati wa mvua, uyoga. Siku njema zaidi, vipande vyembamba vya chikanda, ile mizizi ya pori ambayo Wabemba wanaitwanga na karanga na kuipika mpaka inashikana na kukatwa na kisu. Alijifunza sosisi Luanshya, kwa shangazi yake aliyepika ku klabu ya watu wa mugodi, lakini shangazi hakujua chikanda juu ya sosisi. Hiyo ilikuwa akili yake mwenyewe.

Kitu kimoja tu hakikuwa kwake, na ni kitu ambacho kiko kila pahali ku Mweru. Kwa Katongo hakukuwa samaki. Si juu ya mukate, si mu chungu, si mu kikapu. Hata maji ya kupikia hakuchota ziwani. Alitembea mpaka ku pompi, akapanga musitari na ndoo yake, na ziwa liko pale mbele ya macho.

Nitaeleza, juu bila hiyo hakuna kitu utaelewa. Bwana yake Chalwe alikuwa muvuvi. Mwezi wa nane 1974 alikwenda kutega nyavu upande wa kisiwa cha Chisenga, peke yake, juu mwenzake alikuwa na homa. Upepo ulitoka asubuhi ya pili. Walipata mutumbwi umepinduka, walipata kasia moja, walipata hata kofia yake. Yeye hawakumupata. Walitafuta siku tisa, watu wa Chisenga na watu wetu wa ng'ambo pia. Miye nilikuwa namuona mwanamuke mumoja pa gati kila mara boti yetu ilipofika, anaangalia nyuso za wanaume wanaoshuka, mumoja mumoja, mpaka wa mwisho. Sikujua jina lake wakati ule. Niliona tu kwamba ananizuia njia na mizigo yangu, nikamuambia asogee.

Katika ukoo wa Chalwe kulikuwa katazo. Ziwa likichukua mutu wao na lisimurudishe, watu wa nyumba yake hawali kitu kinachotoka mu maji yale mpaka mutu aonekane. Mujomba wa Chalwe, muzee Bwalya, aliwaambia wazi: atakayekula samaki sasa, anamukula ndugu yake. Na hawakulia kilio, juu kwao kilio ni cha mutu aliyezikwa. Wote ni wavuvi, na samaki haiingii kinywani! Mwaka mumoja ukapita. Vijana walikuwa wanakula kwa kujificha, na muzee alijua. Basi akaita ukoo wote, akasema mutu ambaye ziwa linakaa naye mwaka muzima, limekwisha kumuzika lenyewe. Akapikisha samaki mumoja munene, wakakula kila mutu kipande, wakalia, wakanyolewa, wakamaliza.

Katongo alikataa. Kipande chake kilibaki mu sahani mpaka nzi wakakaa juu yake. Hakugombana na mutu. Alisema tu kwamba siku atamuona Chalwe, ndiyo siku atakula, na siku atakula, ndiyo siku atalia. Muzee Bwalya akasema wamuache.

Donc, basi, ilikuwa vile, na kila mutu wa Nchelenge alijua. Samaki akiingia kinywani mwa Katongo, Chalwe amekufa. Asipoingia, Chalwe iko pahali fulani. Yeye mwenyewe hakuwa bibi ya mutu, hakuwa mujane. Patson, mudogo wa Chalwe, ndiye alipaswa kumuondolea kifo kwa desturi yao ili aweze kuolewa tena. Alingojea, akachoka, akaenda kuoa kwengine. Katongo alikuwa na miaka ishirini na nane. Mbele ya hayo alikuwa anapikia watu samaki pale pale pa uwanja wa malori. Alitupa vyungu vyote, akatafuta kitu cha kupika ambacho hakikutoka ziwani, na Lackson akafika na sosisi.

Nilianza kwenda kwake juu ya mukate, nikaendelea juu yake. Alikuwa mutu wa maneno kidogo, na miye maneno yangu yanatosha watu wawili. Nilimuambia habari za Kilwa, za duane, wale wa ushuru wa mupaka, za wanaume wajinga ndani ya boti, na yeye alikata vitunguu na kusikiliza. Aliniita yaya, kama mutu anavyomuita mukubwa wake. Nikimupita bila kusalimia, alituma mutu anifuate ku soko kuniuliza alinikosea nini.

Kwa Wabemba, mwanamuke akiwa katika siku zake za mwezi hatii chumvi mu chakula cha watu, wala haonji. Wanasema anayekila anashikwa na kikohozi kisichoisha. Anaomba mwanamuke mwengine amutilie. Kwanza Katongo alikuwa anamuomba jirani. Kiisha, siku zake zikiangukia juma niliko pale, akaanza kuniomba miye. Alisema nimutilie chumvi, akanipa kijiko, akaenda kukaa mbali na chungu, na siku zile zote alikula mukate mutupu na chai. Siye Waluba wa kwetu hatukufanya hiyo, nilimucheka, lakini moyoni nilifurahi kupita kiasi. Mutu hakuachii chungu anacholisha nacho watu kama hakuamini. Nilikuwa mugeni wa nchi ingine, na kuliko dada zake wote alinichagua miye.

Siku moja Lackson alileta sosisi mu sanduku lililobeba samaki, hakuliosha. Katongo alifungua karatasi, akaona magamba mawili yamebandika juu ya sosisi. Akafunga karatasi, akamuambia azipeleke kwa Sampa. Sosisi za juma zima! Nilikasirika. Nilimuambia magamba mawili yanaoshwa na maji. Nilimuambia kuna watu wanalala njaa. Kiisha nikasema na lile lingine.

"Katongo, bwana yako alikufa. Wangu pia alikufa. Sema tu amekufa, upumzike."

Hakukasirika. Ningependa akasirike. "Yaya, weye ulimuona wako," alisema. "Ulimuosha na mikono yako. Miye wananiambia nimeze tu."

Niliondoka, lakini si juu maneno yake yaliniingia. Niliondoka juu boti ilikuwa inapiga honi pa gati.

Mwezi wa tano 1976 Sampa alipata wazo. Alichukua chisense, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa ku muchanga pale pote, akavikaanga mpaka vikakauka vikalia mu meno, akavichanganya na nyanya, akavimwanga juu ya sosisi. Ee, watu walikimbia! Madereva wa Kopabeliti walisema hawajaonja kitu kama kile. Wavuvi, ambao mbele walisema sosisi si chakula kwa sababu haina samaki, nao wakapanga musitari. Nilikwenda miye pia. Nilikula viwili. Vilikuwa vitamu, siwezi kusema uongo, na nikaona haya nikipita mbele ya benchi ya Katongo na mafuta ku vidole.

Ile benchi ilibaki wazi. Lackson mwenyewe alikuwa anazungukia nyuma ya malori asionekane naye akienda kwa Sampa. Katongo alijaribu uyoga mukavu, akajaribu maboga, akatia chikanda maradufu. Watu wa kule hawashibi bila samaki, ni hivyo tu. Mikate ilikauka mu kikapu. Alianza kukonda, na alianza kusema atafunga, aende kulima mihogo kwa mama yake, kule kijiji cha Puta.

Nilimuambia Puta si mbaya. Akanitazama kama nimesema neno la haya. Akanionyesha na kijiko: gati ni kule, soko ni kule, na barabara ni hii moja. Mutu akishuka ku boti yoyote, ya Chisenga ao ya Zaïre, hawezi kufika pahali bila kupita mbele ya kibanda chake. Ndipo niliona juu ya nini hakuchagua pahali pengine penye kivuli zaidi. Hakuwa anauza tu mikate. Alikuwa anangojea, na kama akifunga, Chalwe angepita na asimukute mutu.

Niliposikia vile nilimuhurumia, na huruma yangu, Mungu anisamehe, ina mikono.

Juma moja la mwezi wa sita motere ya boti yetu iliharibika, nikabaki Nchelenge. Siku zake zilifika, akaniomba kama kawaida: karanga nizitwange miye, chumvi niitie miye, nionje miye. Miye nilikuwa na gunia la chisense pale nilipolala. Asubuhi nilichukua visamaki vya kujaza viganja viwili, nikavipasha juu ya kikaango, nikavitwanga mpaka vikawa unga laini kama wa mahindi, nikaufunga mu kitambaa. Alipokwenda kuchukua mikate, nikauchanganya na karanga na pilipili. Nikatia chumvi. Nikaonja. Ilikuwa tamu sana.

Nilijiambia mambo mengi. Nilijiambia yeye hataonja, siku hizi anakula mukate mutupu, kwa hiyo katazo lake liko salama. Nilijiambia ni siku ine ao tano tu, watu wakirudi wamerudi, kiisha nitaacha. Harufu nayo haikunitisha, juu Kashikishi yote inanuka chisense kutoka asubuhi mpaka mangaribi, na pua ya mutu wa pale imechoka. Na nitasema kweli yote: ndani yangu kulikuwa pia kitu kidogo kilichotaka kuonyesha kwamba visamaki havimuui mutu. Kile kitu ndicho kinanisumbua kuliko yote.

Siku ya kwanza wakaja madereva wawili. Wakakula, wakatazamana, wakaomba tena. Siku ya pili benchi ilijaa. Lackson alirudi na haya yake yote, akakula vitatu, akamuuliza Katongo amefanya nini na zile karanga. Katongo alisema ni mukono wa Mama Régine. Siku ya ine Sampa alituma mutu anunue mumoja, aupeleke kwake, aujue. Siku ile Katongo alicheka. Tangu nimujue sikuwa nimeona meno yake ya nyuma. Alisema nikienda Kilwa nimuachie ule mukono wangu, nitaota mwengine. Alisema sasa anaweza kukaa pale hata miaka kumi.

Nilicheka naye. Ndiyo, nilicheka.

Siku ya tano siku zake zilikuwa zimekwisha. Nilikuwa nimepanga kufika mbele yake, nioshe bakuli, nitwange karanga zingine safi. Lakini asubuhi ile waliniita pa gati juu ya motere, nikasimama pale nikigombana na fundi juu ya kitu ambacho hata sikijui, na jua likapanda. Nilipofika kwa Katongo, benchi ilikuwa imejaa. Moto ulikuwa unawaka. Bakuli la jana lilikuwa mukononi mwake, na alikuwa amewamalizia watu karanga zote, zimebaki zile za chini. Siku tano alikuwa hajaonja karanga zake mwenyewe, na alikuwa na njaa, na alikuwa na furaha. Alikuwa anapangusa bakuli na kipande cha mukate.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Hilo nataka lijulikane. Niliona kipande kinapanda. Ulimi huu, uliogombana na watu wa duane wa nchi mbili, ulikaa kinywani kama wa mutu mwengine.

Alitafuna mara mbili, tatu. Akaacha. Alizaliwa Puta, kando ya ziwa lile lile. Alikula chisense mbele ya kuota meno. Hakutazama bakuli. Alinitazama miye. Wanaume walikuwa wanaendelea kula na kusema juu ya barabara ya Mansa, hakuna aliyeona kitu. Nilimuomba na macho ateme. Muchanga ulikuwa pale, miguuni mwake, angetema tu. Akameza.

Akaniuliza kama ni miye. Nikasema ni miye. Akaniuliza ni siku ngapi. Nikasema ine. Nilianza kueleza juu ya benchi, juu ya Sampa, juu ya Puta, na aliinua mukono kidogo kunizuia.

Aliondoa kikaango ku moto, juu mafuta yalikuwa ya moto na hakutaka yamuunguze mutu. Alifungua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakiweka ku benchi kati ya watu wawili. Akatoka inje ya kibanda, pa jua, akakaa chini ku muchanga, akanyoosha miguu. Ndipo alilia.

Miye niko mutu wa matanga mengi. Nilizika baba, mama, bwana, na watoto wawili. Sauti kama ile sikuisikia mbele yake, na sikuisikia tena. Ilikuwa imekaa ndani yake karibu miaka miwili na ilitoka yote. Madereva walisimama na mikate mikononi, hawajui waiweke wapi. Wanamuke waliokuwa wanaanika samaki waliacha kazi, wakaja wakikimbia, juu walijua sauti ni ya nani na walijua maana yake. Patson alitoka ziwani, nguo zimelowa mpaka kiunoni. Alidhani wamemupata. Alikuwa anauliza ni wapi, ni Chisenga, ni ng'ambo, nani amemuleta. Katongo hakumusikia, basi Patson akaniuliza miye.

Nikamuambia Chalwe hajaonekana.

"Sasa huyu analilia nani?"

Katongo aliacha kulia. Alifuta uso na mukono wenye karanga. "Chalwe," alisema. "Amekufa leo asubuhi. Nimemukula."

Hakuna aliyenipiga. Ningekubali. Muzee Bwalya alifika na fimbo yake, akaelezwa, akasema matanga yawe siku tatu kama ya mutu yeyote. Ukoo ulikuwa umekwisha kulia kilio chake mwaka uliopita, lakini walikaa tena naye, wote, wakalia tena. Miye nilichota maji. Nilipasua kuni. Wanamuke walipokea ndoo mukononi mwangu bila kuniambia neno, na nilipokaa, pembeni yangu palibaki wazi. Motere ilitengenezwa siku ya pili na boti ikaondoka, nilibaki.

Siku ya tatu walimunyoa Katongo. Kibanda alimuachia Eness, na benchi, na kikaango. Alisema anakwenda Puta, hapa ku barabara hakuna mutu anayepita tena. Nilingojea mpaka wanamuke wakatoka, nikaingia nikapiga magoti mbele yake. Nilimuambia tu nilikuwa nataka kumusaidia. Nilimuambia pia kwamba nilidhani amechoka.

Nguo za Chalwe zilikuwa juu ya magoti yake. Alikuwa anazikunja, zipate kugawiwa ukoo.

"Nilichoka, yaya," alisema. "Usidhani sikuchoka. Nilimubeba peke yangu, na siku moja ningemuweka chini mwenyewe, polepole. Weye ulinipiga ku mikono, akaanguka."

Akachukua shati ingine, akainyoosha, akaikunja. Nilibaki pale juu ya magoti mpaka zikaisha zote.